Kiboksi cha Kihesa

Kazi yangu inataka mtu mwenye subira, na mimi subira sikujaliwa. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta Mbeya, jirani na soko la Mwanjelwa, na wateja wangu wanajua kwamba wakinijia na maelezo marefu nitawakatiza. Sitaki kujua nani alimwaga chai na nani alisingiziwa. Nataka kuona tundu.

Matundu ndiyo maisha yangu siku hizi. Zamani kila waya ulikuwa na umbo lake. Ukikosea hauingii, na mambo yanaishia hapo. Sasa wametuletea kijitundu kimoja chembamba, ambacho waya wake unaingia hata ukiugeuza chini juu, na watu wakafurahi. Kumbe ndipo balaa lilipoanzia. Matundu mawili yanafanana kama mapacha, lakini moja linachaji tu, na jirani yake lenye alama ndogo ya radi linachaji, linapeleka picha kwenye skrini na kusafirisha mafaili makubwa kwa kasi ya ajabu. Waya nao ni hivyo hivyo. Mteja mmoja kutoka Chunya, mchimbaji mdogo wa dhahabu, aliniletea laptop akidai draiva, zile programu za kuendeshea vifaa, zimekufa. Nilichokonoa tundu kwa sindano nikatoa vumbi la kutosha kupandia mchicha. Nikamwambia draiva zake ni nzima, ila zimezikwa. Alicheka, na mimi nikajiona bingwa kwa wiki nzima.

Nasema haya ili ieleweke kwamba sikuwa mtu wa kubahatisha wakati mdogo wangu aliponipigia simu kutoka Kihesa.

Mdogo wangu ni wa kiume, mtu mzima mwenye ndevu, na anaishi Iringa, mtaa wa Kihesa, kwenye nyumba ya mama yetu. Anachora ramani. Kampuni moja ya Dar inarusha droni juu ya mashamba na mabonde, inamtumia picha kwa mtandao, naye anaziunga mpaka ziwe ramani. Kazi hiyo anaifanyia sebuleni, vifaa vya kusikilizia vimemkaa masikioni, na majirani wanamwonea huruma kwa kukosa ajira. Kuna aliyemletea viazi.

Hakurudi nyumbani kwa sababu ya ramani. Alirudi kwa sababu mama alipata kiharusi, mkono wake wa kushoto ukalegea, na kati yetu wawili yeye ndiye aliyefunga mizigo. Mimi nilisema nina kibanda, nina watoto shuleni, nitakuwa nakuja. Nikawa nakuja kwa simu.

Laptop yake ina matundu mawili tu, wakati kazi inataka skrini mbili, diski ya nje yenye kasi na waya wa intaneti. Kwa hiyo kampuni ilimpa kiboksi: kidude cha chuma, ukubwa wa Biblia ndogo, kinachoungwa na laptop kwa waya mmoja, halafu kwa nyuma kinapokea hivyo vingine vyote. Kikiwa kizima ni raha tupu. Kikizimika, kila kitu kinaondoka kwa mpigo: skrini nyeusi, diski imepotea, intaneti imekatika, na ramani iliyokuwa inahifadhiwa imeharibika.

Kikawa kinazimika. Karibu kila siku, ikifika saa nne asubuhi au hapo karibu, kinazimika.

Mabosi wake walikuwa waungwana, na uungwana wa bosi ndio wa kuogopa. Walimwambia kwamba Alhamisi ya mwisho wa mwezi kuna wateja wakubwa, awafungulie ramani mbele yao, mubashara, yeye akiwa Iringa. Ikikatika tena, basi arudi Dar akafanyie kazi ofisini, ambako mashine zipo na mafundi wapo. Na yeye akienda Dar, mama hawezi kubaki peke yake. Ingebidi nimchukue mimi, aje kukaa kwenye vyumba vyangu viwili vya kupanga Mbeya, mbali na ua wake, mbali na kwaya yake, mbali na nyumba aliyoijenga na baba tofali kwa tofali. Mama alishasema siku moja, akimenya viazi na hakuna aliyemuuliza, kwamba nyumba ya kupanga yeye haiwezi. Kwa hiyo tukakubaliana mimi na mdogo wangu tusimwambie neno. Tutengeneze kiboksi, mambo yaishe.

Tulianza kwa simu.

"Waya ni ule uliokuja nacho?"

"Dada, ule ulikuwa mfupi. Nimeweka mwingine."

"Mwingine upi?"

Ulikuwa wa kuchajia simu.

Nilimsema mpaka mate yakanikauka. Nikanunua waya wa maana, wenye alama ya radi, nikaupakia kwenye basi kama kifurushi. Aliupokea, akauchomeka, kiboksi kikafanya kazi siku nzima. Nikamwambia akamshukuru Mungu kwa kumpa dada. Kesho yake saa nne, skrini nyeusi.

Nikahamia kwenye draiva. Laptop ilikuwa imejisasisha yenyewe, kama zinavyofanya zikiona mtu ana haraka, ikaweka draiva mpya isiyopatana na kiboksi. Nilimwongoza kuitoa na kurudisha ya zamani, akachomoa kila kitu, akachomeka upya. Siku ile kilifanya kazi kama kimelipwa. Kesho yake kikazimika. Nikamwambia azime ile mipangilio inayoyanyima matundu umeme ili kuokoa betri. Siku moja nzuri, siku ya pili giza. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, tena kwa simu.

"Kuna kitu kimebadilika hapo nyumbani?" nilimuuliza.

"Hakuna. Kila kitu kiko kama siku zote."

Jumanne ya wiki ile ya mwisho nikafunga kibanda, nikapanda basi la Iringa. Tulipofika Igawa nilikuwa dirishani nabishania vitunguu, simu ikaita. "Kimezimika tena, dada." Nilitoa sauti ambayo muuza vitunguu aliielewa vibaya, akanipunguzia bei.

Niliingia Kihesa mchana, upepo wa Julai unakata masikio. Mama alikuwa mlangoni.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Umekonda. Ingia kuna chai."

Sebule ya mama ni sebule hasa ya Iringa: kila kitu kimevaa. Televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, redio ina chake, chupa ya chai ina kofia, rimoti ina mfuko, makochi yamevaa mgongoni na mikononi. Kwetu kitu kisichofunikwa ni kitu kisicho na mwenyewe. Tumekua hivyo, na sijawahi kuingia nyumba ya Kihesa nikaona televisheni iko wazi bila kujiuliza kama kuna msiba. Kiboksi nacho hakikusahauliwa. Kilikuwa na vazi la uzi wa sweta, rangi ya maziwa, lenye maua pembeni, zuri mpaka nikalisifia.

"Nimefuma kwa huu," mama akasema, akiuinua mkono wa kushoto. Hospitali walimwambia awe anavichezesha vidole, naye hajawahi kuona maana ya kuchezesha vidole bila kupata kitu.

Nililitoa vazi lile lote kwa pamoja, nikaliweka juu ya kochi kwa adabu, nikakaa kazini. Nilikuwa nimeamua kusasisha fimwea, yaani ile programu ndogo inayokaa ndani ya kifaa chenyewe na kukiambia namna ya kuongea na wenzake. Ya kiboksi ilikuwa ya zamani. Tatizo la kusasisha fimwea ni kwamba umeme ukikatika katikati, kifaa kinakufa na hakifufuki, na siku ile umeme wa Kihesa ulikuwa umeshakonyeza mara mbili tangu nifike.

"Niombe?" mama aliuliza alipoona uso wangu.

"Omba, mama."

Akaomba kwa Kihehe, sala ndefu ya Kilutheri yenye vituo vyote. Mstari ulikuwa unajaa polepole kwenye skrini, na katikati ya sala nikamsikia anamwambia Mungu kwa Kiswahili, labda kwa kukosa neno, "na haka kadude pia ukaangalie." Mstari ukajaa. Kiboksi kikajizima, kikawaka, taa ya bluu ikatulia.

Kikafanya kazi mchana ule wote hadi tukaitwa kula. Diski iko, skrini ziko, ramani zinafunguka kama milango. Nilijisifu wakati wa ugali, nikajisifu tena wakati wa chai. Nilieleza habari za fimwea kwa watu ambao hawakuuliza. Halafu nikamaliza kazi kama mtoto aliyelelewa: nikakunja waya, nikapangusa meza, nikakirudishia kiboksi vazi lake na kulinyoosha pembe, kwa mikono yangu hii.

Jumatano saa nne, skrini zikawa nyeusi.

Nilikasirika vibaya sana. Mama, bahati nzuri, alikuwa ameenda kwenye jumuiya ya akina mama, kwa hiyo nilipata nafasi ya kupayuka. Nilimlaumu aliyetengeneza kiboksi, nikailaumu laptop, nikaulaumu umeme, na vilipokwisha vitu vya kulaumu nikamgeukia mdogo wangu. Nikamwambia kuna anachokibonyeza. Nikamwambia tangu utoto kila alichokishika kiliharibika.

Akavitoa vile vifaa masikioni polepole.

"Dada, mimi nimechoka," akasema. "Namwogesha mama asubuhi, nafanya kazi mchana, naamka mara mbili usiku nikamkande mkono. Wewe unanipa maswali. Kesho wakiniita Dar, ndipo utakapoijua kazi yenyewe."

Niliona aibu, na mimi nikiona aibu mikono inatafuta cha kufanya. Nikakivamia kiboksi nikikusudia kukitia kwenye begi nirudi nacho Mbeya nikakipasue. Nikakiachia papo hapo. Kilikuwa cha moto kama sufuria iliyotoka jikoni.

Nikalivua lile vazi la maua, na safari hii nikalitazama. Ndani yake lilikuwa limeshonewa kitambaa cha pili, kizito zaidi. Ndani ya hicho kulikuwa na cha tatu, kimefumwa kama soksi, kimekibana kiboksi pande zote na kufunika vile vijitundu vyake vya kupumulia.

Tulitazamana. Tukakiacha wazi kikapoa, tukakiwasha. Kikafanya kazi. Tukakivika nguo zake zote, tukakaa kukiangalia kama tunasubiri maziwa yachemke. Haikupita hata saa moja, kikazimika. Tukakivua, kikapona.

Basi hapo hesabu yote ikanijia. Waya wangu, draiva zangu, fimwea yangu na maombi juu yake, havikuwa vimeponya chochote. Kila nilipompa mdogo wangu kazi ya kuchomoa na kuchomeka, alikuwa anakivua kiboksi, na siku hiyo kinapumua. Mama akipita asubuhi na kitambaa chake cha vumbi, anakivika. Na nilipomuuliza mdogo wangu kama kuna kilichobadilika, alinijibu ukweli mtupu, kwa sababu mtoto wa Kihesa haoni kitambaa juu ya kitu, anaona kitu. Mimi mwenyewe, fundi, nimekaa nacho uso kwa uso nikasifia maua. Kuna methali ya kikulacho iliyonijia mdomoni, nikaimeza, maana anayezungumzwa ni mama.

"Tusimwambie," mdogo wangu akasema. "Hiki ndicho kitu cha kwanza alichomaliza tangu augue. Alilia siku alipokimaliza. Kesho nitakivua akiwa jikoni, nikimsikia anakuja nakivika."

Ulikuwa mpango wa kijinga, lakini nikaukubali kwa woga. Ni rahisi kumwambia mteja kwamba ameua laptop yake kwa vumbi. Mama ni mama.

Alhamisi mama aliamka kabla yetu. Tulipotoka vyumbani, sebule ilikuwa imevaa nyeupe: vile vitambaa vya Krismasi na vya posa, vyote vimepigwa pasi. Alikuwa amesikia kwamba mabosi wataonekana kwenye skrini, na kwa mama mtu akikuona sebuleni kwako amekwisha kuwa mgeni, hata kama yuko Dar. Yeye mwenyewe alivaa kitenge kipya. Mkononi alikuwa na kitu cha nne, kinene kama blanketi la mtoto.

"Hiki nimekimaliza jana jumuiyani," akasema. "Cha kadude."

Ilikuwa imebaki nusu saa. Mdogo wangu alinitazama kama mtu anayezama. Nikaona kwamba hapa hakuna cha kuvua na kuvika. Au aambiwe sasa, au kizimike mbele ya wateja.

"Mama, kisifunikwe," nikasema. "Kikifunikwa kinapata joto, na kikipata joto kinazimika. Hakina ugonjwa mwingine. Ni vitambaa."

"Vitambaa vyangu?"

"Ndiyo, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Nilianza kupamba maneno, kwamba hata mimi nilikifunika, kwamba kiwandani wangeandika onyo, kwamba kazi ya mikono yake ni nzuri mno. "Nyamaza kwanza," akasema. Akavikusanya vile vyote, cha maua na vya ndani na kile kipya, akaenda kukaa kwenye kochi la pembeni, amevishika mapajani kwa mkono wa kushoto. Nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia jana yake, nikaenda kusimama nyuma ya kamera.

Mkutano ukaanza. Mabosi wakatokea, wateja wakatokea, mdogo wangu akafungua ramani ya bonde zima na kuanza kueleza kwa sauti ambayo sikujua kama anayo. Mimi sikuisikiliza ramani. Nilikuwa nimekodolea taa ya bluu. Saa nne ikafika. Ikapita dakika kumi, ikapita ishirini. Hapo mama akanyanyuka, akajikokota mpaka mezani, akapita mbele ya kamera na kitenge chake, akakiwekea kiboksi kiganja cha kulia kama anayempima mtoto homa.

"Kako baridi," akatangaza.

"Shikamoo, mama," bosi akasema kutoka Dar.

"Marahaba, baba. Karibuni. Samahani, haka kamekaa uchi, ndivyo kanavyotaka."

Wale wateja wakubwa wakaangua kicheko. Mdogo wangu alitamani sakafu imfunike, lakini ramani haikuyumba. Akaimaliza mpaka kona ya mwisho, akajibu maswali, na bosi akasema mbele ya wote kwamba kijana aendelee tu huko huko Iringa, maana hata ofisini hawana wa kupima joto la mitambo namna ile. Skrini ikafungwa. Mdogo wangu aliweka kichwa juu ya meza. Mimi nilicheka, nikajikuta nimeshamkumbatia shingo kutoka nyuma, jambo ambalo hatulifanyi kwetu.

Mama alikuwa amerudi kwenye kochi lake.

"Kila kilipozimika nilikuwa nakiongezea kimoja," akasema, kama anayejisemea. "Nilidhani ni baridi hii inakikamata. Mimi ikinikamata mkono, haufanyi kazi."

Kisha akanitazama mimi.

"Kwa hiyo sihami?"

Mdogo wangu akainua kichwa. Neno hilo hatukuwahi kulitamka mbele yake, hata mara moja.

"Huhami, mama," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akataka kuvitua vile vitambaa, vidole vya kushoto vikakataa, kwa jinsi alivyokuwa amevibana tangu mkutano uanze. Nikapiga magoti mbele ya kochi, nikamfungua kidole kimoja kimoja.